Je, Boston ya Lincolnshire ni Salama kwa Muuguzi Mgeni?

SWALI: Mimi ni muuguzi, naandika kutoka Mombasa. Nimepata kazi Hospitali ya Pilgrim, katika mji mdogo wa Boston, Lincolnshire, England, na nitasafiri baada ya miezi michache. Mume wangu na watoto wetu wawili, wa miaka 9 na 13, watanifuata baadaye. Tangu nipate barua ya kazi, mume wangu hatoki kwenye intaneti, na kila akifungua ukurasa anakutana na uhalifu: eti Boston iliwahi kuongoza England kwa mauaji, eti makosa yake kwa kila wakazi 1,000 ni mengi kuliko ya Lincolnshire nzima, na kwamba kwenye ramani ya polisi, pale hospitali penyewe, pamejaa alama za "vurugu na makosa ya kingono". Zamu yangu itaisha saa mbili usiku. Nitaweza kurudi nyumbani kwa miguu? Watoto watakuwa salama? Na je, nibebe dawa ya pilipili ya kupuliza ambayo mume wangu ameshaninunulia?

JIBU: Dada yangu, nenda. Nalisema hili mapema ili shemeji apate usingizi, kisha nieleze kwa nini. Kazi yangu hapa England ni kuchambua takwimu za uhalifu, na ramani anazoziangalia shemeji nazifungua karibu kila siku. Hajadanganywa. Aliyoyaona yapo kweli, ila hakuna aliyemweleza yanahesabiwaje, na hapo ndipo mji wa kawaida unapogeuka kuwa jehanamu kwenye skrini ya simu.

Tuanze na hilo la mauaji. Mnamo Januari 2016 magazeti ya Uingereza yaliandika kwamba Boston ndiyo inayoongoza England na Wales kwa mauaji. Hesabu yao ilijumlisha mauaji yenyewe na majaribio ya kuua, kisha ikagawanywa kwa idadi ya wakazi. Wakati huo wilaya ya Boston ilikuwa na watu wasiofika 70,000. Hata sensa ya 2021 ilikuta 70,500 tu. Sasa piga hesabu mwenyewe: mji wa watu 66,000 ukipata matukio kumi ya aina hiyo ndani ya mwaka mmoja, kiwango kinaruka hadi 15 kwa kila watu 100,000, na papo hapo mji unaipita miji mikubwa yenye magenge yanayojulikana kwa majina. Mwaka unaofuata yakitokea mawili, kiwango kinaporomoka, na hakuna mwandishi anayerudi kuandika kwamba mji umetulia. Isitoshe, ugomvi mmoja wa walevi ambapo watu watatu wamechomwa visu wakapona unaweza kuandikwa kama majaribio matatu ya kuua. Katika mji mdogo, usiku mmoja mbaya unaweza kuuharibia jina mwaka mzima.

Kwa England na Wales nzima, zenye watu takriban milioni 60, mauaji ya miaka ya karibuni yamekuwa kati ya 500 na 600 hivi kwa mwaka, yaani kama mtu mmoja kwa kila watu 100,000. Wanawake wengi wanaouawa huuawa na mtu wanayemjua, mara nyingi mume, mpenzi au jamaa, na mara nyingi ndani ya nyumba. Wa kuviziwa njiani na mtu asiyemjua ni wachache sana.

Sitakuficha, kwa sababu shemeji akiendelea kutafuta atalikuta: Julai 2022 mtoto wa kike wa miaka 9 alichomwa kisu akafa katikati ya mji, Fountain Lane, jioni kabla ya giza, akicheza nje. Nawe una mtoto wa umri huohuo, najua hilo litakuingia moyoni. Kuna msiba wa miaka ya nyuma pia: Julai 2011, wanaume watano waliuawa na mlipuko kwenye kiwanda cha siri cha kutengeneza pombe, katika eneo la viwanda la Broadfield Lane. Hayo yametokea na mji hauyasahau. Lakini msiba mmoja haukupi kipimo cha hatari ya kila siku, kama vile ajali moja ya basi la Mombasa haikuzuii kupanda la kesho.

Tuje kwenye hilo la makosa kwa kila wakazi 1,000. Kipimo hiki kinaonekana cha haki, lakini kina tundu kubwa: juu kinahesabu makosa yote yaliyotokea mahali, chini kinahesabu wanaolala pale tu. Mfano wa kuchekesha ni Jiji la London, kile kipande kidogo cha mabenki katikati ya London kubwa. Sensa ya 2021 ilikuta wakazi 8,600 hivi. Wanaokwenda kufanya kazi pale kwa siku ni zaidi ya nusu milioni. Kila simu inayoporwa na kila pochi inayochomolewa inagawanywa kwa wale 8,600, basi ukiamini kiwango chake utadhani wanabenki wanaishi kwenye uwanja wa vita.

Boston ni mji wa soko. Jumatano na Jumamosi watu wa vijijini hujaa pale chini ya mnara mrefu wa kanisa la Mtakatifu Botolph, ambao wenyeji wanauita Stump na unaonekana kutoka mbali sana kwa kuwa nchi yote ni tambarare kama sinia. Mashamba ya mboga na viwanda vya kufungasha mboga huleta vibarua wa msimu, na baadhi yao hawamo kwenye hesabu ya wakazi. Jioni za wikiendi vijana wa vijiji vya jirani huja kwenye baa za mji huohuo. Kijana wa kijijini akipigana Boston, kosa ni la Boston. Kisha mtu anachukua kiwango hicho na kukilinganisha na cha Lincolnshire nzima, ambayo karibu yote ni shamba. Ukiulinganisha mji na shamba la kabichi, mji utashindwa kila mara. Linganisha Boston na miji ya soko na ya bandari ya ukubwa wake yenye baa, stesheni na mishahara midogo, utaona ni ndugu moja. Na ni kweli pia, nisije nikaonekana napamba, kwamba ndani ya Lincolnshire, Boston na jiji la Lincoln huwa juu ya wilaya nyingine. Kuna umaskini, kuna nyumba zilizojazwa wapangaji kupita kiasi, na kuna ulevi wa barabarani ambao halmashauri iliutungia amri maalumu ya kuupiga marufuku katikati ya mji tangu 2015.

Neno linalotisha zaidi kwenye ramani ni "vurugu na makosa ya kingono". Ni kapu moja kubwa, na karibu kila mahali England ndilo linaloongoza kwa wingi. Ndani yake wamewekwa pamoja mbakaji, mume anayempiga mkewe, jirani aliyemsukuma jirani, mtu aliyemwandikia mke wa zamani ujumbe wa vitisho, na anayemfuatafuata mtu kwenye mitandao. Kati ya makosa ya vurugu yanayoandikwa na polisi kitaifa, karibu robo tu ndiyo yenye majeraha. Theluthi hivi ni bughudha, vitisho na kufuatwafuatwa. Pia karibu kosa moja kati ya kila sita yanayoandikwa na polisi, ya aina zote, linahusu unyanyasaji wa nyumbani. Hayo yanawaumiza watu kweli, lakini si ya mpita njia.

Kuna jambo la uandishi vilevile. Mwaka 2014 wakaguzi wa polisi waligundua kwamba karibu kosa moja kati ya matano yaliyoripotiwa halikuandikwa kabisa, na kwa vurugu ilikuwa moja kati ya matatu. Polisi wakabanwa, wakaanza kuandika kila kitu. Mistari ya takwimu ikapanda kama ngazi, magazeti yakasema nchi imeharibika. Wakati huohuo utafiti mkubwa wa kitaifa, ambao huwafuata watu majumbani na kuwauliza yaliyowapata bila kujali waliripoti au la, unaonyesha mwelekeo wa kushuka tangu kilele cha 1995. Mtu akikuonyesha mchoro wa uhalifu uliopaa baada ya 2014, swali la kwanza ni: hizi ni hesabu za daftari la polisi au za majibu ya wananchi?

Sasa hizo alama za hospitali. Hapa shemeji amegusa jambo la maana, ila amelisoma upande usio wake.

Ramani ya polisi haiweki alama pale tukio lilipotokea hasa. Ili waathirika wasitambulike, kila tukio husogezwa hadi kwenye nukta ya karibu iliyopangwa tangu awali: katikati ya barabara fulani, duka kubwa, maegesho ya magari, hospitali. Ndiyo maana maelezo husema "hapo au karibu na hapo". Hospitali ni nukta mojawapo, na yanayorundikwa juu yake mengi hayana uhusiano na mtu kuviziwa nje ya lango. Ni mlevi aliyempiga mlinzi katika kitengo cha dharura. Ni mgonjwa mwenye shida ya akili aliyemng'ata mhudumu. Ni mzee aliyepoteza kumbukumbu aliyemkwaruza muuguzi alipokuwa akibadilishwa shuka. Ni mwanamke aliyeletwa na majeraha ya nyumbani, akaandikiwa taarifa yake akiwa kitandani.

Kwa hiyo, dada, ukiniuliza wewe binafsi una uwezekano mkubwa wa kupigwa wapi ukiwa Boston, jibu langu si bustani ya mji, Central Park, wala stesheni ya treni. Ni wodini. Katika utafiti wa kila mwaka wa wafanyakazi wa huduma ya afya ya taifa, karibu mmoja kati ya saba husema alifanyiwa ukatili wa mwili na wagonjwa, jamaa zao au watu wengine wa nje ndani ya miezi kumi na miwili. Hakuna mtaa wa Boston ambao mpita njia ana nafasi ya namna hiyo. Na wauguzi wetu kutoka nyumbani wana tabia moja inayonisikitisha: hunyamaza. "Ni mgonjwa tu, hajui afanyalo." Huenda hajui, lakini wewe andika. Kila hospitali ina mfumo wake wa kuripoti matukio kwenye kompyuta; tukio lisiloandikwa halipo, na wodi isiyo na matukio kwenye karatasi haiongezewi mtu wa zamu. Tangu 2018 kuna sheria maalumu ya kuwalinda wafanyakazi wa dharura, wauguzi wa huduma ya afya ya taifa wakiwemo, na mwaka 2022 kifungo cha juu kwa anayewashambulia kilipandishwa kutoka mwaka mmoja hadi miwili.

Wiki ya kwanza utapewa mafunzo ya kutuliza ugomvi. Usiyachukulie kama ya kujaza fomu. Ukipangiwa kukaa na mgonjwa wa uangalizi wa karibu, muulize anayekukabidhi zamu maswali ya kweli: amewahi kumpiga mtu? Humpanda hasira wakati gani, akiguswa au jioni giza likiingia? Miwani yake iko wapi, na kifaa chake cha kusikia kina betri? Wazee wengi wanaorusha ngumi ni watu wasioona wala kusikia vizuri ambao mtu mgeni amewainamia ghafla. Jitambulishe kutoka mbele, mwonyeshe mikono yako, na kitanda kisikae kati yako na mlango. Kamba ya kitambulisho shingoni iwe ya aina inayokatika ikivutwa.

Kutembea usiku. Hospitali ya Pilgrim iko Sibsey Road, kaskazini mwa katikati ya mji, karibu nusu saa kwa miguu. Zamu ya mchana ikiisha saa mbili usiku, utatoka jua limeshazama kuanzia Septemba mpaka katikati ya Aprili; Desemba jua huzama hata kabla ya saa kumi alasiri. Utakutana na kitu ambacho kwa mtu wa Mombasa kinatisha kuliko mwizi, nacho ni kimya. Mapazia yamefungwa, hakuna kibaraza chenye watu, hakuna muuza mahamri, hakuna bodaboda wanaobishana. Kwetu barabara tupu ni onyo, kwa sababu watu ndio ulinzi. Hapa unapaswa kuigeuza hisia hiyo. Mtaa wa makazi ulio kimya saa mbili usiku ni mtaa wa kawaida, watu wamo ndani wanatazama televisheni. Mahali pa kujihadhari ni palipojaa watu: nje ya baa za Market Place na West Street, Ijumaa na Jumamosi, kuanzia saa tano usiku na kuendelea. Ugomvi mwingi wa barabarani wa miji midogo ya England unatokea kwenye hatua chache hizo na saa chache hizo, baina ya walevi kwa walevi. Wewe saa hizo uwe umelala, una zamu kesho.

Kwa hiyo ndiyo, unaweza kutembea. Pita barabara kuu yenye taa na magari. Kando ya mtaro mkubwa wa Maud Foster kuna kinu cha upepo chenye mapanga matano kilichojengwa 1819, kizuri sana kupiga picha mchana. Usiku njia za kando ya maji ziache, na sababu ya kwanza ni kuteleza na kutumbukia, si wezi. Wiki za mwanzo ongozana na wenzako wa zamu, au changieni teksi, hasa kwa kuwa mwili wako hautakuwa umezoea upepo wa kule. Ukiweza kupanga upande wa kaskazini wa mji, karibu na hospitali, suala lote hili linakwisha.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza, nami nadhani linakusumbua: rangi. Boston ni mji uliobadilika haraka. Baada ya 2004 walikuja Wapolandi, Walithuania na Walatvia, baadaye Waromania na Wabulgaria, wakafanya kazi za mashambani na za viwanda vya mboga. Mwaka 2016 asilimia 75.6 ya waliopiga kura wilayani humo walitaka Uingereza itoke Umoja wa Ulaya, kiwango cha juu kuliko mahali popote nchini. Siasa za wageni zinazungumzwa waziwazi, na Mwafrika pale bado ni mgeni machoni. Utatazamwa. Siku moja kijana kwenye gari linalopita anaweza kukurushia neno chafu. Mgonjwa anaweza kusema hataki kuguswa na wewe. Hilo la mwisho hulitatui peke yako. Mwite kiongozi wa zamu, ni kazi yake.

Kiangazi cha 2024, baada ya watoto watatu kuuawa Southport tarehe 29 Julai na uvumi wa uongo kuenea mtandaoni, fujo dhidi ya wageni na Waislamu zililipuka katika miji kadhaa. Sunderland, wauguzi wawili Wafilipino walirushiwa mawe wakiwa njiani kwenda kazini. Zaidi ya watu elfu moja walikamatwa, na wengi walihukumiwa ndani ya wiki chache, kasi ambayo mahakama za England hazijaizoea. Nakutajia hilo ili ujue kwamba hospitali nyingi siku hizi zinajua la kufanya siku za namna hiyo: teksi kwa wafanyakazi, zamu kubadilishwa, ujumbe wa tahadhari. Muulize msimamizi wako mipango ya hospitali yenu ni ipi. Na ukitukanwa kwa rangi au hijabu, ripoti kama kosa la chuki. Sheria za uandishi wa polisi zinasema ikiwa mwathirika mwenyewe, au mtu mwingine yeyote, anaona chuki ndiyo iliyosukuma tukio, basi liandikwe hivyo. Huhitaji ushahidi wa kilichomo moyoni mwa mtu ili uandikiwe taarifa.

Watoto. Wa miaka 9 sina wasiwasi naye zaidi ya magari kutokea upande uleule kama kwenu, jambo ambalo ni faraja. Wa miaka 13 ndiye wa kukaa naye karibu, na sababu ni uhalifu wa aina moja ambao umeielemea miji midogo ya England hasa. Magenge ya London, Nottingham na miji mingine mikubwa huuza dawa za kulevya vijijini na kwenye miji midogo kupitia namba moja ya simu inayopokea oda. Mkubwa haji mwenyewe. Hutuma mtoto wa miaka 14 au 15 kwa treni, au huajiri wa palepale: kwanza viatu vipya, chipsi na kuku, halafu deni la uongo ambalo mtoto lazima alilipe kwa kubeba mzigo. Nyumba ya mlemavu au mraibu huvamiwa ikawa ghala. Mtoto mgeni, aliyehamia katikati ya mwaka wa masomo na bado hana rafiki, ni windo rahisi. Dalili zinajulikana: simu ya pili, nguo ambazo hukununua, kutoroka shule, tiketi za treni mfukoni, kujifungia chumbani kwa hasira. Mwandikishe mapema kwenye timu ya mpira, madarasa ya wikiendi, chochote chenye watu wazima wanaomjua kwa jina.

Utapeli ndio utakaokufikia kabla hata hujapanda ndege. Katika ule utafiti wa kitaifa, utapeli sasa ni zaidi ya asilimia 40 ya makosa yote yanayowapata watu binafsi. Mgeni hupigwa kwa njia tatu. Chumba kizuri cha bei rahisi mtandaoni, mwenye nyumba "yuko safarini", tuma pesa nikutumie funguo: usitume, omba hospitali ikupe makazi ya muda, ukaone chumba kwa macho yako. Amana ya pango haizidi pango la wiki tano kwa nyumba za kawaida, na mwenye nyumba analazimika kuiweka kwenye mfuko wa ulinzi unaotambuliwa na serikali ndani ya siku 30. Ila ukipanga chumba ndani ya nyumba anayoishi mwenyewe, ulinzi huo wa amana haukuhusu. Njia ya pili ni simu ya mtu anayejiita afisa wa uhamiaji, anajua jina lako, anadai kuna tatizo kwenye viza na ulipe sasa hivi. Wizara ya Mambo ya Ndani, inayoshughulikia viza, haidai pesa kwa simu. Kata, na kama umeshatoa taarifa za benki, piga 159 uunganishwe na benki yako. Ya tatu ni wakala anayetaka umlipe kwa ajili ya cheti cha udhamini cha mwajiri. Cheti hicho hakiuzwi.

Na dhahabu, dada. Wezi wa nyumba England wanajua fika kwamba familia za Kiasia, na nyingine zinazofanana nazo machoni mwao, huweka bangili za dhahabu kabatini. Seti ya harusi iache Mombasa kwa mama. Baiskeli ukinunua, tumia kufuli la chuma lenye umbo la U na usajili namba ya fremu. Makufuli ya waya hukatwa kwa koleo kabla hujafika mlango wa duka.

Kuhusu polisi: 999 ni kwa hatari ya sasa hivi, 101 kwa yaliyokwisha kutokea, na ya pili ina foleni. Ukipiga 999 kwa simu ya mkononi na ukawa huwezi kusema, bonyeza 55. Polisi wa kawaida hana bunduki na hatakuomba chai. Lakini usitarajie aje mbio kwa ajili ya baiskeli: jeshi la polisi la Lincolnshire linahudumia eneo la karibu kilomita za mraba 5,900 na limelalamikia bajeti yake miaka nenda rudi. Kwa wizi mdogo utapewa namba ya kesi, na namba hiyo ndiyo bima wanayoitaka.

Mwisho hiyo dawa ya pilipili: itoe kwenye sanduku kabla hujaondoka nyumbani. Uingereza inaihesabu kuwa silaha iliyopigwa marufuku chini ya sheria ya silaha za moto ya 1968, na kuwa nayo tu mkobani ni kosa la jinai, hata kama hujaipuliza. Fikiria muuguzi mwenye viza mpya akikamatwa nayo uwanja wa ndege. Kisu cha "kujilinda" nacho hivyohivyo. Kama shemeji anataka roho yake itulie, akununulie kengele ndogo ya mkononi, ile ya kuvuta pini ikalia kwa sauti kali. Ni ya bei ndogo, ni halali, na baadhi ya vituo vya polisi na vyuo huigawa bure.